Rangi ya behewa la mbao inabanduka sehemu ya chini tu: tatizo ni rangi, ubao au chuma?

#1 Bogi_Kongwe
Wakuu salaam. Kuna behewa la abiria la mbao liko kwenye ukarabati, linakaa nje, halina banda. Ukuta wa nje ni mbao za paini za ulimi na mfereji (ulimi wa ubao mmoja unaingia kwenye mfereji wa mwenzake), unene milimita 20, upana 80, zimesimama wima kutoka chini ya madirisha hadi kwenye boriti ya chuma ya fremu. Praima (rangi ya msingi) ya mafuta mkono mmoja, yaani tabaka moja, juu yake rangi ya alkidi (aina ya rangi ya mafuta) ya kijani iliyokolea mikono miwili.

Baada ya misimu miwili ya mvua, sentimita 25 za chini zinabanduka vipande virefu. Juu ya hapo rangi imeshika, hata ukikwangua kwa kucha haitoki. Kipima unyevu cha pini kinasoma asilimia 24 chini na 13 juu. Kopo ni lilelile, brashi ileile, siku ileile. Kwa nini chini tu? Na nini kifanyike kabla ya kupiga upya?

#2 Randa_Kali
Jibu umeshaliandika mwenyewe mkuu: 24 chini, 13 juu. Ubao unakunywa maji kwa kichwa, yaani pale msumeno ulipokata nyuzi. Kichwa kinanyonya mara kumi na zaidi ya uso wa ubao, na kwa paini ndiyo usiseme. Maji yakishapanda yanatafuta pa kutokea. Jua likipiga yanaisukuma rangi kwa nyuma.

Maswali mawili. Mbao zimekalia chuma moja kwa moja au kuna nafasi? Vichwa vilipata praima kabla ya kufungwa?

Kama ni "moja kwa moja" na "hapana", kata miisho ya chini upate nafasi ya milimita 8 hadi 10 juu ya chuma. Kata kwa mshazari wa digrii 20 hadi 30, ukingo wa nje uwe chini kuliko wa ndani, tone lidondokee nje lisitambae kurudi nyuma ya ubao. Halafu loweka vichwa kwa epoksi nyepesi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili, inakauka ngumu), mkono juu ya mkono wakati wa kwanza bado unanata, mpaka ubao ukatae kunywa. Mara nyingi mitatu inatosha. Ndipo praima.

#3 KipimaUnyevu
Kabla hamjashika msumeno, geuzeni ganda la rangi mtazame mgongo wake. Pale ndipo ushahidi ulipo.

Mgongo ukiwa safi, rangi imeachana na praima au praima imeachana na ubao, hapo tunazungumzia maji au uchafu. Mgongo ukiwa na vinyweleo vya kijivu, basi rangi imeshika vizuri tu, ni ngozi ya ubao iliyokatika. Mwanga wa jua unaharibu lignini, ile inayozigandisha nyuzi za mbao. Maabara ya mazao ya misitu ya Marekani kule Madison, Wisconsin, ilishaonyesha kwamba ubao mtupu ukikaa juani hata wiki chache tu kabla ya rangi, mshiko unashuka sana. Macho hayaoni kitu, ubao bado unaonekana mpya.

Chora alama ya X kwa kisu kwenye rangi iliyo bado nzima, bandika utepe wa gundi, usugue kwa kidole, uvute kwa mkupuo. Fanya chini, katikati na juu. Leta majibu.

#4 Bogi_Kongwe
@Randa_Kali zimekalia chuma moja kwa moja. Vichwa havikupigwa kitu.

@KipimaUnyevu mgongo una vinyweleo vya kijivu, hasa upande ambao jua la mchana linapiga. Mbao zilifungwa kwanza, zikakaa wazi wiki kadhaa kusubiri praima. Utepe: chini X yote imetoka, katikati vipande vidogo kwenye makutano ya mistari, juu haikutoka kitu.

#5 Randa_Kali
Sasa hiyo ya jua inajipinga yenyewe. Juu ndiko jua lilikopiga sawasawa na chini, pengine zaidi, na rangi imeshika. Ingekuwa lignini, ukuta mzima ungebaki uchi.

#6 KipimaUnyevu
Haijipingi. Mshiko dhaifu unaweza kudumu miaka kama hausumbuliwi. Chini umesumbuliwa na maji, juu haujasumbuliwa bado. Ukikata vichwa ukaacha ngozi ya kijivu, rangi mpya itashika ngozi ileile mbovu. Ondoa nyuzi zilizokufa kwa msasa namba 60, malizia na 80 au 100. Usiende 220 ukafikiri unafanya uungwana. Kwa rangi ya nje ubao uliolainishwa mno haushiki vizuri. Na praima iingie ndani ya siku hizohizo, usiache ubao mtupu unasubiri.

#7 MzeeWaMataruma
Vijana mnabishana mbele ya ubao, mimi nauliza nyuma ya ubao kuna nini. Sema wewe mwenye behewa: mgongo wa mbao ulipigwa rangi?

Ubao wa nje hupigwa praima pande zote sita kabla ya kupigiliwa: uso, mgongo, ulimi, mfereji, na vichwa viwili. Kwenye ulimi hupakwa tena rangi nzito wakati wa kuunganisha, ubao ukisogezwa rangi inaminywa kwenye kiungo. Mafundi wa zamani walitumia rangi ya risasi nyeupe kwa kazi hiyo. Ubao uliopakwa uso tu unanyonya kwa mgongo na kupumua kwa mgongo, upande mmoja unavimba mwingine umefungwa, unajikunja. Ukishajikunja ulimi unatoka kwenye mfereji, mvua inapata mlango.

Hapo kwenye risasi, tahadhari. Behewa la zamani chukulia tabaka za chini kabisa zina risasi mpaka kipimo kiseme hapana. Usizichome kwa mwali wa gesi, usipige msasa mkavu. Kwangua ukiwa umelowanisha, tandika nailoni chini, vaa barakoa ya chujio la vumbi laini, na nguo za kazi zisiende kufuliwa na za nyumbani.

#8 Bogi_Kongwe
Mzee shikamoo. Mgongo haukupigwa. Mbao nyingi zimepigiliwa kwa misumari kupitia kwenye ulimi, kuzitoa ni kuzivunja.

#9 Skrubu_Moja
Mimi naona jambo rahisi zaidi. Mbao zikilowa zinarefuka, chini zinagonga boriti ya chuma, zinapinda kidogo na rangi inapasuka. Ndiyo maana ni chini tu.

#10 Randa_Kali
Hapana bwana. Ubao hautanuki kwa urefu kiasi cha kusumbua mtu. Kutoka ubao mbichi hadi mkavu kabisa kwenye tanuri, urefu unabadilika asilimia 0.1 hadi 0.2 tu. Hapa mabadiliko ni sehemu tu ya safari hiyo, na ukuta chini ya madirisha haufiki hata mita moja. Hiyo ni chini ya milimita.

Upana ndio wenye balaa. Paini iliyopasuliwa bapa hutanuka karibu asilimia 0.25 ya upana kwa kila asilimia moja ya unyevu. Kutoka 12 hadi 24 ni asilimia 12, mara 0.25 ni asilimia 3, kwenye ubao wa milimita 80 unapata 2.4. Fikiria kila kiungo kinafunguka na kufunga milimita mbili na ushee, halafu juu yake kuna rangi ya alkidi iliyokomaa, ngumu. Lazima ipasuke kwenye kiungo. Mbao zilizopasuliwa kwa kufuata miale ya gogo (kutoka kiini kwenda kwenye gome) zinatanuka nusu ya hapo au zaidi kidogo, kwa hiyo ukibadilisha mbao chagua hizo.

#11 Skrubu_Moja
Sawa, nimekupata. Lakini kugonga chuma bado kupo, kwa sababu chuma nacho kinavimba. Soma mwenyewe post yako #2, hukugusa kutu.

#12 ChumaNaKutu
Skrubu kagusa penyewe bila kujua 😄

Boriti ya chuma inapoa usiku. Alfajiri umande unatunga juu yake hata kama haijanyesha mwezi mzima, na vichwa vya mbao vimekaa palepale. Kwa hiyo chanzo cha maji si lazima kiwe mvua. Pili, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Tabaka la kutu kati ya chuma na ubao linausukuma ubao nje, misumari inalegea. Tatu, juu ya boriti kuna rundo la vumbi, majani na masizi, linashika maji kama sponji.

Usikate mbao ukapaka epoksi kabla ya kusafisha chuma. Toa kutu kwa brashi ya waya na tindo, paka praima yenye zinki, juu yake epoksi ya chuma mikono miwili, halafu rangi ya juu kwa sababu epoksi ikikaa juani inachakaa na kuwa unga. Kati ya ubao na chuma, kama haiwezekani kuacha nafasi, weka utepe wa bitumeni (lami) au kipande cha mpira mgumu. Ubao usiguse chuma kitupu hata siku moja.

Na misumari? Kama ni ya chuma cha kawaida na fremu ni ya mwaloni, tanini ya mwaloni (asidi ya asili iliyo ndani ya ubao) inakula msumari na msumari unaoza ubao kuuzunguka. Utaona duara jeusi. Badilisha kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu au shaba ya silikoni.

#13 DadaVanishi
Nimesoma yote, hakuna aliyegusa rangi yenyewe. Alkidi inaendelea kukauka miaka yote ya uhai wake. Mwaka wa kwanza inanyumbuka, baadaye inakuwa ngumu, halafu mnaitaka ifuate ubao unaotembea milimita 2.4. Akriliki nzuri ya maji inabaki inanyumbuka na inaruhusu mvuke kutoka. Kwa ubao wa nje unaocheza, nachagua praima ya mafuta (inaingia kwenye nyuzi), juu yake akriliki mikono miwili.

Unene nao. Mkono mmoja wa praima na miwili ya juu ikikauka ilete jumla ya mikroni (elfu ya milimita) 100 hadi 130. Mtu akiongeza thina ili brashi iteleze anapata mikono mitatu kwa hesabu na mmoja na nusu kwa unene. Pima kwa kichana cha rangi mbichi (kipimo chenye meno) wakati unapiga, usikisie.

Kijani iliyokolea inakusanya joto. Ubao wa chini ukiwa na unyevu na uso ukachemka kwa jua, malengelenge yatatoka tu, upake rangi ya aina gani. Kama behewa lilikuwa na kijani kihistoria huna jinsi, lakini ujue unalipa.

#14 MafutaYaKitani
Akriliki kwenye behewa la zamani? Mnavisha babu suruali ya kubana.

Rangi ya mafuta ya kitani ndiyo iliyoyalinda mabehewa haya tangu yanaundwa. Inaingia ndani ya ubao, haikai juu kama ngozi. Ikizeeka inakuwa unga kama chokaa, haibanduki. Unaosha, unapaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, inarudi. Siri ni wembamba: mikono mitatu myembamba sana, unaisugua kwa brashi ngumu mpaka mkono uchoke, saa 24 hadi 48 kati ya mkono na mkono, zaidi kama kuna ubaridi. Ukipaka nene inakunja makunyanzi na chini inabaki mbichi.

#15 DadaVanishi
Nakubali kwamba haibanduki kirahisi. Lakini sema na upande wa pili. Mafuta ya kitani ni chakula cha ukungu, na zinki iliyokuwa kwenye rangi nyingi za zamani ilisaidia kuuzuia. Ukipaka mafuta matupu kwenye ubao wenye kivuli na unyevu, utapata madoa meusi. Inabidi rangi iwe na oksidi ya zinki. Na mafuta ghafi yasiyochemshwa yanaweza kunata wiki nzima, vumbi la reli lote linakaa humo.

Halafu matambara. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni kinajipasha moto chenyewe na kuwaka, hakuna anayekiwasha. Vitandazwe kimoja kimoja nje mpaka vikauke vigumu, au vizamishwe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko. Behewa la mbao kavu si mahali pa kujaribu bahati.

#16 MafutaYaKitani
Hiyo ya matambara nakazia. Hiyo ya ukungu, zinki ipo kwenye rangi ninayoisema. Nilidhani ni jambo linaloeleweka.

#17 DawaYaMbao
Wote mnafunika ubao, hakuna anayeutibu. Kuvu ya kuozesha inahitaji ubao wenye unyevu wa asilimia 28 hadi 30 hivi ili ianze, chini ya 20 inalala. Huyu ana 24 leo. Mvua ikishika anapita 30, lazima.

Kwa mbao ambazo hawezi kuzitoa: chumvi ya boroni. Myeyusho wa asilimia 10 hadi 15 katika maji ya uvuguvugu, ipakwe mara mbili au tatu kwenye vichwa na popote rangi ilipotoka. Uzuri wa boroni ni kwamba inatembea ndani ya ubao ikifuata unyevu, inafika pale brashi isipofika. Ubaya wake ni huohuo: mvua inaitoa. Bila rangi juu yake, umepaka bure. Kwa nguzo za pembeni na vizingiti vya milango vipo vijiti vya boroni vilivyogandishwa. Unatoboa tundu kwa mteremko, unasukuma kijiti, unaziba kwa kizibo cha mbao. Kijiti kinayeyuka pale tu ubao unapolowa, vinginevyo kinakaa kimya miaka.

Ukikata vichwa kama alivyosema Randa, unaweza pia kuvipaka naftaneti ya shaba (dawa ya kuhifadhi mbao) yenye asilimia 2 ya shaba. Ni ya kijani, inanuka, na inataka wiki kadhaa ikauke kabla rangi haijakubali kushika. Usiichanganye na epoksi kwenye kichwa kilekile. Chagua moja.

#18 KipimaUnyevu
Nyongeza kwa #17: ukishapaka boroni, kipima cha pini kitakudanganya. Chumvi inapitisha umeme, kitasoma juu kuliko ukweli. Andika vipimo vyote kabla ya dawa. Baada ya hapo pima ubao wa jirani usiotiwa dawa, au tumia pini ndefu zilizofunikwa kote isipokuwa nchani.

Na kwa wote: praima isipigwe ubao ukiwa juu ya asilimia 15.

#19 Paa_Kwanza
Mmefika post ya 19 na hakuna aliyeinua kichwa. Maji ya ukuta yanatoka juu. Paa la behewa hilo ni la nini? Madirisha ni ya aina gani?

Kama paa ni turubai la pamba, angalia ukingo wake kwenye mkanda wa juu wa ukuta. Turubai linalofaa ni la gramu 500 hadi 600 kwa mita ya mraba, linalazwa juu ya rangi nzito ambayo bado mbichi, linasuguliwa kutoka katikati kwenda kingoni kutoa hewa, linashikwa kwa misumari midogo ya shaba iliyo karibukaribu, na misumari inafichwa chini ya mkanda wa mbao. Juu mikono mitatu ya rangi inayonyumbuka. Usilivute kwa nguvu zote, pamba ikilowa inasinyaa na kung'oa misumari. Wanaolazimisha faibaglasi wanapata paa zuri sana mwaka wa kwanza. Mbao za chini yake zikianza kucheza inapasuka juu ya viungo, maji yanaingia na hayatoki tena.

Lakini macho yangu yako kwenye madirisha. Mabehewa mengi ya zamani yana dirisha la kushuka: fremu ya kioo inazama ndani ya mfuko ulio kati ya ukuta wa nje na wa ndani. Kila mvua inayopiga kioo inateremka humo. Chini ya mfuko kuna sinia la zinki au shaba, na tundu la kutolea maji. Tundu likizibwa na majani, rangi au puti, mfuko unageuka birika na mbao zako zinalowa kwa mgongo. Mzee wa Mataruma aliuliza nyuma ya ubao kuna nini. Huenda jibu ni maji.

#20 MzeeWaMataruma
Umenena Paa_Kwanza.

#21 Bogi_Kongwe
Wakuu, nimefungua paneli ya ndani chini ya dirisha moja na kumulika tochi.

Madirisha ni ya kushuka kweli. Sinia ni la zinki, limejaa tope jeusi kama sentimita 4, ndani yake kuna vipande vya puti ya kioo, mbegu na skrubu mbili. Tundu la kutolea maji lipo, upana wa penseli, limezibwa na rangi ya kijani kutoka nje. Kona moja ya sinia imetoboka. Mgongo wa mbao pale una weusi na bisibisi inaingia milimita 5 bila kusukumwa sana.

Ila kuna jambo linanichanganya: kwenye ncha za behewa hakuna dirisha kabisa, ukuta ni mtupu, na rangi imebanduka urefu uleule wa sentimita 25.

#22 Randa_Kali
Kwa sababu ni vichwa. Narudia.

#23 ChumaNaKutu
Kwa sababu ni umande wa chuma. Nami narudia.

#24 Skrubu_Moja
Swali dogo la mtu asiyejua mambo ya urefu na upana: behewa linaoshwaje?

#25 Bogi_Kongwe
Kwa pampu ya presha. Masizi na vumbi la breki vinakaa zaidi sehemu ya chini.

#26 Skrubu_Moja
Sentimita 25 za chini? 😂😂

#27 DadaVanishi
Haya tena. Pampu ya presha inapenyeza maji kwenye kiungo cha ulimi na mfereji, inayaacha nyuma ya ubao usiopakwa rangi, na ikisogezwa karibu inanyanyua ukingo wa rangi. Ndoo, sabuni isiyo kali, brashi laini ya mpini mrefu, sugua ukianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi kwenye sehemu kavu, kisha suuza kwa mpira wa maji wa kawaida. Presha iende kwenye magurudumu na bogi (fremu inayoyabeba), ukutani marufuku.

#28 KipimaUnyevu
Tusimkimbilie Skrubu haraka. Ingekuwa pampu peke yake, kipimo kingeshuka wiki chache baada ya kuosha. Bogi_Kongwe, ile 24 ilipimwa baada ya kuosha au kabla?

#29 Bogi_Kongwe
Kabla. Wakati wa kiangazi, behewa halijaguswa na maji kwa muda.

#30 ChumaNaKutu
Kiangazi, bila mvua, bila kuosha, 24. Umande.

#31 Paa_Kwanza
Au sinia lenye tope la sentimita 4 ambalo halijakauka tangu mvua.

#32 MafutaYaKitani
Nje ya mada kidogo: wenye mabehewa ya msaji uliopigwa vanishi, haya yote yanawahusu? Mabehewa mengi ya LNER, kampuni ya zamani ya reli ya Uingereza, yalikuwa ya msaji wa vanishi na watu bado wanayatunza hivyohivyo.

#33 DadaVanishi
Yanawahusu kuliko nyie. Vanishi haina rangi ya kuzuia mwanga, kwa hiyo jua linapenya mpaka kwenye ubao na kuua lignini chini ya vanishi ambayo bado ni nzima. Inabidi iwe na kinga ya mwanga wa jua ndani yake, na iwe mikono mingi: nane si mingi. Msaji ufutwe kwa spiriti kabla ya mkono wa kwanza, mafuta yake ya asili yanakataa kushikwa. Mkono wa kwanza punguza kwa thina nusu kwa nusu, wa pili robo, wa tatu sehemu moja kwa kumi, kisha vanishi kamili. Kati yake msasa 240 hadi 320. Kila mwaka sugua juujuu uongeze mkono mmoja au miwili kabla haijapasuka. Ikishapasuka na ubao ukawa kijivu, hakuna kiraka, unarudi kwenye ubao mtupu.

Usitumie pamba ya chuma kusugua. Chembe zake zinabaki kwenye nyuzi na kuwa madoa meusi. Yakishatoka, asidi ya oksali kama gramu 100 kwa lita ya maji ya moto, glovu na miwani, uisuuze vizuri kisha uache ubao ukauke kabisa.

#34 MzeeWaMataruma
Turudi kwa mwenye uzi. Na silikoni, naona inakuja, kila mtu akiona nyufa anakimbilia silikoni. Chini ya ubao pasizibwe na kitu chochote. Maji yatakayoingia juu lazima yapate pa kutokea chini. Kuzunguka fremu ya dirisha ziba kwa poliurethani inayokubali rangi, silikoni rangi haiishiki milele na hata ukiitoa mafuta yake yanabaki.

Lingine: wakati wa kazi mtafunika behewa. Turubai la nailoni lisiguse ukuta na lisifike ardhini. Liinuliwe kwa mbao, pembeni liachwe wazi sentimita 30 au zaidi, la sivyo mvuke wa ardhi unapanda humo ndani usiku kucha na asubuhi ukuta umelowa kuliko kama ungeacha wazi. Banda lenye paa tu, hata lisilo na kuta, linashinda makopo yote yaliyotajwa humu.

#35 Bogi_Kongwe
Asanteni sana. Banda halipo karibuni. Nawaza hivi: ukuta mmoja una nafasi nane kati ya nguzo. Nafasi ya kwanza hadi ya pili nikate vichwa na epoksi, mbili zinazofuata chuma kisafishwe na utepe bila kukata, mbili nisafishe masinia tu, mbili nibadilishe rangi tu iwe akriliki. Halafu nipime.

#36 KipimaUnyevu
Wazo zuri lakini lina tundu. Masinia safisha yote, usiache hata moja limeziba kwa ajili ya jaribio, ubao ulioanza kulainika hausubiri. Nafasi mbili za masinia ziache na rangi ya zamani kama kipimo cha kulinganishia. Na ngozi ya kijivu iondolewe kwenye nafasi zote utakazopiga rangi, la sivyo utasema akriliki mbaya kumbe ni ubao. Pima mahali palepale, alama ya penseli sentimita 5, 15 na 40 kutoka chini, asubuhi na jioni. Tofauti ya asubuhi na jioni ndiyo itakayoongea kuhusu umande wa ChumaNaKutu.

#37 Randa_Kali
Zile nafasi ambazo hukati vichwa, andaa msumeno.

#38 Paa_Kwanza
Tundu la sinia lipanue lifike milimita 10 na ulitie kibomba cha shaba, kichomoze milimita 15 nje ya ubao na kielekee chini ili maji yasirudi ukutani. Sinia liwe na mteremko kuelekea tundu. Lile lililotoboka usilibandike epoksi, litengenezwe jipya, viungo vipigwe risasi ya kulehemu.

#39 Skrubu_Moja
Na wakati wa kupiga rangi kibomba kizibwe na kizibo cha mbao, kisha kizibo kitolewe. Naona kuna watu wanapaka rangi kila kinachochomoza.

#40 ChumaNaKutu
Kibomba cha shaba kikidondoshea boriti ya chuma kila siku, maji yenye shaba yatakula rangi na chuma pale chini. Ama kirefushwe kipite ukingo wa boriti, ama kiwe cha plastiki ngumu.

#41 Paa_Kwanza
Kwa mabehewa mengine boriti imeingia ndani kuliko ukuta, tone halifiki. Bogi_Kongwe, la kwako boriti imetokeza au imeingia?

#42 Bogi_Kongwe
Imetokeza sentimita 3.

#43 Paa_Kwanza
Basi plastiki. Na hizo sentimita 3 zinahitaji ukanda wa bati lililochovywa zinki juu yake, wenye mteremko, unaoanzia nyuma ya mbao. Kumbe mbao lazima zikatwe chini hata hivyo, maana hakuna njia nyingine ya kuupitisha huo ukanda.

#44 Randa_Kali
😎